Vyeti vya maabara vinafika vikiwa na kurasa tupu: kosa liko upande gani?

SWALI: Ninatunza mifumo ya kompyuta katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Ilemela, Mwanza. Kila mzigo unaosafirishwa lazima uwe na cheti cha vipimo kutoka maabara. Zamani vyeti vilikuja kwa barua pepe. Siku hizi programu yetu, iliyoandikwa kwa Java, huvichukua kupitia huduma ya wavuti ya maabara. Jibu linalorudi ni ujumbe wa XML (maandishi yaliyopangwa kwa vitambulisho), cheti kikiwa kiambatisho cha PDF, na picha za sampuli zikiwa ndani ya XML yenyewe kwa mtindo wa Base64, unaoandika baiti kwa herufi za kawaida. Takwimu za vipimo zinasomeka bila shida. PDF inafunguka na idadi ya kurasa ni sahihi, lakini kurasa zote ni nyeupe. Faili lililotoka maabara likiwa na baiti 212,480 lilifika kwetu likiwa na baiti 379,916. Picha nazo zinaonyesha samaki sehemu ya juu, na chini ni kijivu kitupu. Maabara wanasema kwao kila kitu kinafunguka, na meneja wangu anasema tatizo ni laini ya intaneti. Nani mwenye kosa, na je, mafaili haya yanaweza kutengenezwa? Nimeambatanisha baiti za mwanzo za cheti kimoja, orodha ya ukubwa wa picha, na kipande cha programu yetu.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hoja ya meneja wako, kwa sababu ikiachwa bila kujibiwa mtabadilisha laini, mtalipia gharama, na vyeti vitaendelea kufika vyeupe. Laini mbovu hukata mawasiliano, huyachelewesha na hulazimisha pakiti zitumwe upya, lakini haina njia ya kuongeza baiti katikati ya faili. Anwani ya huduma iliyomo katika kipande chako cha programu inaanza na https, maana yake mawasiliano yanalindwa na TLS (utaratibu wa kuyafunga kwa siri), na chini ya TLS kila fungu la data husafiri na alama yake ya uhakiki. Ikibadilika hata biti moja njiani, upande unaopokea hulikataa fungu hilo na kuvunja mawasiliano, haulipitishi kimyakimya. Isipokuwa kama kiwanda kina proksi, yaani seva ya katikati, inayofungua mawasiliano hayo na kuyafunga upya, kilichofika mlangoni kwa programu yenu ni kilekile kilichotoka katika seva ya maabara. Faili lililokua kwa karibu asilimia 79 limeguswa na programu fulani iliyotii maagizo yake barabara, ila maagizo hayo hayakuwa ya faili la namna ile.

Jambo la pili ni kwamba una magonjwa mawili yasiyohusiana. Cheti kimeharibiwa kwa njia moja na picha kwa njia nyingine, katika sehemu tofauti za mfumo, na ukitafuta sababu moja ya yote mawili hutaipata.

Tuanze na cheti. Baiti ulizonitumia, zikiandikwa kwa heksadesimali (namba za kizio cha 16), ni hizi:

25 50 44 46 2D 31 2E 34 0A 25 EF BF BD EF BF BD EF BF BD EF BF BD 0A

Baiti nane za kwanza ni maandishi «%PDF-1.4», na ziko salama. Inafuata 0A, yaani mwisho wa mstari, kisha 25, ambayo ni alama ya asilimia na ambayo katika PDF huanzisha maelezo yasiyochapishwa. Baada yake zilitakiwa baiti nne zenye thamani ya 128 au zaidi. Programu nyingi zinazotengeneza PDF huandika hapo E2 E3 CF D3. Mstari huo hauna kazi yoyote katika kurasa za waraka. Kanuni za PDF zinaupendekeza kwa sababu moja tu, nayo ni kuiambia programu yoyote inayosafirisha faili kwamba hili si faili la maandishi. Kwako mstari wa tahadhari ndio uliotangulia kuharibiwa, na kwa sababu hiyo umekuwa ushahidi mzuri kuliko mingine yote uliyonipa.

EF BF BD ni namna UTF-8, mojawapo ya aina za usimbaji (utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti), inavyoandika herufi mbadala, ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake ambayo bila shaka umewahi kuiona kwenye kurasa za wavuti. Katika UTF-8 baiti zilizo chini ya 128 hujitegemea, lakini zilizo juu ya hapo lazima zifuatane kwa mpangilio maalumu. Kwa mfano, baiti E2 inadai kwamba nyuma yake zije baiti mbili zilizo kati ya 80 na BF. Katika PDF nyuma ya E2 imekuja E3, kwa hiyo msomaji wa UTF-8 anaona kosa, anaweka herufi mbadala mahali pa E2, na kuendelea. E3 nayo haifuatwi na baiti inayostahili, wala CF, wala D3. Baiti nne zikawa herufi mbadala nne, na kila moja ilipoandikwa upya ikachukua baiti tatu. Kwa hiyo hapa hakuna haja ya kubahatisha: programu fulani ilizichukua baiti za PDF, ikazisoma kana kwamba ni maandishi ya UTF-8, kisha ikayaandika maandishi hayo kwenye diski.

Ukilielewa hilo, dalili zako nyingine zinajieleza zenyewe. Idadi ya kurasa ni sahihi kwa sababu katika PDF kama yenu mifupa ya waraka, yaani orodha ya kurasa na vipimo vyake, imeandikwa kwa herufi za kawaida zilizo chini ya 128, nazo zimepita salama. Kurasa ni nyeupe kwa sababu yaliyomo hubanwa kabla ya kuhifadhiwa, na katika data iliyobanwa karibu nusu ya baiti huwa juu ya 128. Kila moja kati ya hizo, isipokuwa chache zilizoangukia mpangilio halali kwa bahati, imegeuka kuwa tatu, ndiyo maana faili limekaribia mara mbili ya ukubwa wake. Takwimu za vipimo zinasomeka kwa sababu XML ni maandishi kweli, na kuyasoma kama maandishi hakuyadhuru. Tena Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi zisizo na alama juu wala chini, kwa hiyo hata programu inayokosea aina ya usimbaji haionyeshi dalili yoyote katika maandishi. Kosa la namna hii hukaa kimya katika mifumo yetu kwa muda mrefu, hadi siku kitakapopitishwa kiambatisho cha kwanza kisicho maandishi.

Sasa, ni nani? Kipande cha programu ulichonitumia kinajibu, japokuwa jibu huenda lisikufurahishe. Jibu zima la seva linasomwa na kuwekwa katika kigeu cha aina ya String, kisha programu inatafuta mstari wa mpaka unaotenganisha XML na kiambatisho, inakata kipande cha baada ya mpaka, inakigeuza tena kuwa baiti na kukiandika kwenye faili. Hatua ya kwanza tu inatosha kuua PDF. Katika Java, String ni mahali pa maandishi. Baiti haziingii humo bila kutafsiriwa, na zikitafsiriwa kwa UTF-8 zile zisizoeleweka hupotea. Nadhani programu hiyo iliandikwa wakati huduma ilikuwa inarudisha XML peke yake, na ilipoongezwa PDF mtu akaona njia fupi ni kukata maandishi. Linaeleweka, lakini kosa liko upande wenu.

Hata hivyo nisingebadilisha mstari wowote kabla ya kuthibitisha, kwa sababu faili linaweza kuwa limeharibiwa pande zote mbili, nawe ukatengeneza kwako halafu ukashangaa kurasa bado ni tupu. Chukua programu ya curl, inayotuma maombi ya wavuti kwa amri, peleka ombi lilelile ambalo programu yenu hupeleka, na uagize jibu zima lihifadhiwe kwenye faili kama lilivyo, bila kuonyeshwa kwenye skrini na bila kupitishwa popote. Fungua faili hilo kwa xxd au programu yoyote ya kuangalia baiti, tafuta neno %PDF, kisha tazama mstari unaofuata. Ukikuta E2 E3 CF D3, au baiti nyingine nne zilizo juu ya 128 zisizo mfululizo wa EF BF BD, maabara wametuma faili zima na mjadala umekwisha. Ukikuta EF BF BD humo pia, basi na wao wana kosa lilelile kwao, na usemi wao kwamba «kwetu linafunguka» una maana tu kwamba nakala iliyo kwenye diski yao ni nzima, si kwamba walichotuma ni kizima. Waombe wakupe hashi ya SHA-256 ya cheti kama kilivyo kwao, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Wewe utaipata ya kwako kwa amri ya sha256sum kwenye Linux, au certutil kwenye Windows. Hashi mbili zikilingana, mafaili ni yaleyale baiti kwa baiti, na hakuna tena cha kubishania.

Katika kurekebisha, ushauri wangu ni kuacha kabisa kukata ujumbe kwa mkono. Huduma inayotuma XML pamoja na viambatisho vya baiti tupu kwa kawaida hufuata utaratibu wa MTOM, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliupitisha mwaka 2005, na maktaba za Java za SOAP (itifaki ya huduma za wavuti zinazotumia XML) zinauelewa: zinakukabidhi XML upande mmoja na kiambatisho upande wa pili kama mkondo wa baiti, ambao utaumimina moja kwa moja kwenye faili bila kuugusa. Kama kwa sababu fulani ni lazima mkate wenyewe, basi tafuteni mpaka ndani ya safu ya baiti, si ndani ya String, na mkumbuke kitu kidogo kinachowasumbua wengi: baiti mbili za 0D 0A zinazotangulia mstari wa mpaka ni mali ya mpaka, si mali ya faili. Ukiziacha, PDF itafunguka vizuri kabisa lakini hashi haitalingana, na utapoteza muda mwingi ukitafuta kosa ambalo halionekani kwa macho. Angalia pia kitanzi cha kusomea: mkondo ukikuambia umekupa baiti 1,300 ndani ya bafa (hifadhi ya muda) ya 8,192, andika 1,300 hizo tu, usiandike bafa nzima pamoja na mabaki ya mzunguko uliopita.

Kuna ujanja ambao mtu yeyote atakupa, kwamba ubadilishe usimbaji kutoka UTF-8 kwenda ISO-8859-1 pande zote mbili, kusoma na kuandika. Ujanja huo unafanya kazi, kwa kuwa katika ISO-8859-1 kila baiti ina herufi yake na hakuna inayopotea. Mimi siupendi. Unaacha kosa lilelile mahali pake likiwa limefunikwa, na mtu atakayekuja baada yako ataona usimbaji wa kizamani, ataurudisha kuwa UTF-8 kwa nia njema, na vyeti vitakuwa vyeupe tena.

Sasa picha. Katika orodha uliyonitumia kila picha iliyoharibika ina baiti 65,535 kamili, na zile chache zinazofunguka zote ni ndogo kuliko hapo. Intaneti haikati picha mbalimbali mahali pamoja namna hiyo. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 16, ukitoa 1, nayo ndiyo kikomo cha safu ya aina ya BLOB katika hifadhidata ya MySQL. Picha zimefika nzima, Base64 imesimbuliwa vizuri, kisha hifadhidata imechukua kinachoingia katika safu na kutupa kilichozidi. JPEG huchorwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo mnaona kichwa na mgongo wa samaki na kisha kijivu. Ukiziangalia baiti zake utakuta zinaanza na FF D8 FF kama inavyotakiwa, lakini FF D9 inayofunga picha haipo mwishoni. Badilisha safu hiyo iwe MEDIUMBLOB, ambayo inabeba hadi baiti 16,777,215. Zaidi ya hapo, chunguza ni nani aliyezima hali ya ukali ya MySQL. Tangu toleo la 5.7 hali hiyo huwa imewashwa tangu mwanzo, na ingekuwa imewashwa kwenu hifadhidata ingekataa picha kubwa na kutoa kosa badala ya kuikata na kunyamaza. Mara nyingi huzimwa na mtu aliyechoshwa na makosa ya tarehe tupu, bila kujua kwamba anazima na hili.

Swali lako la mwisho ni kama mafaili haya yanaweza kutengenezwa. Picha haziwezi kutengenezwa kutoka katika hifadhidata, kwa sababu nusu yake haikuwahi kuhifadhiwa. Vyeti navyo haviwezi, ingawa faili ni kubwa kuliko la awali na mtu anaweza kudhani kwamba kila kitu bado kimo ndani. Mfikirie karani pale Mwaloni Kirumba ambaye kila anaposhindwa kumtambua samaki anaandika tu «samaki» daftarini: ningu, gogogo, kamongo na furu wote wamekuwa neno moja, na jioni hakuna atakayeweza kulisoma daftari na kusema yupi alikuwa yupi. EF BF BD ni neno hilo. Programu zinazouzwa kwa ahadi ya kutengeneza PDF zinaweza kuunganisha mifupa ya waraka iliyovunjika, lakini haziwezi kurudisha baiti ambazo hazimo. Hali ingekuwa tofauti kama katika mstari ule wa pili ungekuta C3 A2 C3 A3 C3 8F C3 93. Hiyo ingekuwa na maana kwamba baiti zilisomwa kama ISO-8859-1 na kuandikwa kama UTF-8, jambo linaloweza kurudishwa nyuma bila kupoteza chochote. Kwako sivyo ilivyo. Omba vyeti vyote vilivyopitia programu hiyo vitumwe upya. Na hata kama ingewezekana kuvikarabati, cheti cha vipimo vya chakula kinachoandamana na mzigo kinapaswa kuwa kilekile kilichotoka maabara, hashi kwa hashi, si kilichokarabatiwa na mtu wa kompyuta kiwandani. Kwa mizigo inayosubiri ndege sasa hivi, rudini kwenye barua pepe kwa muda, na maabara waandike hashi ya kila cheti ndani ya barua hiyo.

Ukishamaliza marekebisho, usijaribu mfumo kwa cheti halisi. Tengeneza faili la baiti 256 lenye kila thamani mara moja, kuanzia 00 hadi FF kwa mpangilio, na uwaombe maabara walipitishe katika huduma yao kama kiambatisho cha majaribio. Likifika na baiti 256 na hashi ileile, njia ni safi. Likifika na 512, bado kuna mahali linasomwa kama UTF-8 na herufi mbadala zinawekwa. Likifika na 384, ni ISO-8859-1 iliyoandikwa kama UTF-8. Likiwa na 257, kuna kitu kinachogeuza 0A kuwa 0D 0A, kama wanavyofanya wahamishaji wa mafaili wa zamani walioachwa katika hali ya maandishi. Likiwa na 26 tu, kuna programu ya Windows iliyofungua faili kama maandishi na kusimama ilipofika kwenye 1A. Likiwa na 256 lakini nusu ya pili yote ni 3F, yaani alama za kuuliza tupu, herufi zisizoeleweka zimeandikwa kwa usimbaji usio na herufi mbadala, jambo linalotokea kwa Java ya kabla ya toleo la 18 kwenye Windows, pale usimbaji wa kuandikia unapokuwa haukutajwa. Faili hilo halitakuonyesha kukatwa kwa ukubwa, kwa hiyo ongeza la pili: picha yoyote ya megabaiti tano, itakayokuonyesha kama kuna kikomo kingine njiani. Kama maabara wanatumia seva ya wavuti ya Nginx, jueni kwamba bila kuambiwa vinginevyo hukataa ombi lolote lenye mwili unaozidi megabaiti moja. Kikomo hicho kinahusu mnachopeleka ninyi, si mnachopokea, lakini siku mtakapoanza kuwatumia maabara picha kutoka kiwandani mtakutana nacho.

Mafaili hayo mawili yahifadhi, na yapitishe tena kila upande wowote unapobadilisha toleo la programu yake.